Nusu ya Ziwa, Watoto Wawili na Ndoo Moja

Swali lilizaliwa soko la samaki la Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza, Jumamosi moja ya Agosti 2024, nilipokwenda kununua dagaa na watoto. Binti yangu, ambaye nyumbani tunamwita Dada, alikuwa na miaka 6 wakati huo. Alisimama akayatazama maji ya Ziwa Victoria hadi nikamaliza kupimiwa, kisha akauliza: "Mama, ukienda tu hukohuko bila kusimama, unafika wapi?"

Nikamwambia unafika Uganda.

"Wewe umeshafika?"

Sijafika.

"Baba je?"

Baba naye hajafika. Akanyamaza, akashika mkono wa mdogo wake, tukaenda kutafuta daladala. Mimi nikabaki na lile swali. Nimezaliwa Mwanza, nimekulia Mwanza, maji ya ziwa hili ndiyo yaliyonikuza, na katika miaka yangu 34 sikuwahi kuiona ng'ambo yake.

Usiku nikamweleza mume wangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Akacheka kwa upole: "Mama watoto, nje ya nchi huenda watu wenye hela." Nadhani wengi wetu tunaamini hivyo. Tukisikia likizo nje ya nchi, tunaona ndege, tunaona Dubai, tunaona picha za watu wamesimama mbele ya majengo marefu. Mutukula, mpakani na Uganda, haimo kwenye picha hiyo, wala Rusumo ya kuingilia Rwanda, wala Sirari ya kuingilia Kenya, ingawa mabasi ya kwenda huko yanatupita kila siku hapa mjini.

Tukachukua daftari la hesabu la Dada, tukalifungua ukurasa wa nyuma, tukaanza.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni Zanzibar. Sisi wanne, kutoka Mwanza hadi Unguja, kwa nauli na vyumba vya kule, hesabu ilikuja kubwa kuliko safari ya Uganda. Kisumu ilikuwa rahisi: unapita Lamadi, Musoma, Sirari, unavuka, na pale mjini kando ya ziwa ipo hifadhi ndogo ya Kisumu Impala ambayo mtoto anaimaliza kwa miguu yake. Kigali nayo ilituvutia kwa usafi na utulivu wake, na Dada alipenda sana kusikia kwamba ukivuka Rusumo magari yanahamia upande wa kulia na saa inarudi nyuma saa moja. Lakini swali lilikuwa "hukohuko bila kusimama", na hukohuko ni Uganda. Mtanzania hahitaji viza kuingia nchi yoyote kati ya hizo tatu. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ni njia, karatasi, na hela.

Nianze na njia, maana ndipo nilipobadilika mawazo kabisa.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa mtu mzima. Niliandika Bukoba, Masaka, Kampala, Entebbe, Jinja, kisha turudie Kisumu tuwe tumelizunguka ziwa lote, siku 9. Mume wangu aliusoma, akaniuliza swali moja: "Babu atalala saa ngapi?" Babu ni mwanetu wa pili, ana miaka 3, amepewa jina la baba yangu, na ndivyo tunavyomwita. Babu asipolala mchana, jioni hakuna mtu mwenye raha nyumbani. Nikaangalia tena ule mpango, nikaona kila siku nimempangia gari.

Tukafuta Kisumu. Tukafuta Kampala, mji mzuri lakini foleni yake na mtoto wa miaka 3 haviendani. Tukabakiza vituo viwili vya kukaa, Entebbe na Jinja, na sehemu za kupumzikia njiani. Tulipopiga hesabu upya, gharama ilikuwa imeshuka karibu nusu, na hapo nikaelewa kinachokula hela. Umbali hauli sana. Kinachokula ni kuhamahama. Kila unapohama unalipa gari la kukutoa, gari la kukupeleka, chakula cha njiani ambacho siku zote ni ghali, na chumba cha usiku mmoja ambacho hakuna mwenye nyumba anayekupunguzia. Ukikaa siku tatu mahali pamoja, unajua duka la mkate liko wapi, unaomba bei ya siku tatu, unapika.

Mimi nilitaka twende Bukoba kwa meli. Kwa kipimo cha mtoto hakuna usafiri bora: meli inaondoka Mwanza usiku, watoto wanalala, asubuhi mmefika, na tiketi imekuwa nauli na malazi kwa pamoja. Nilishauliza na siku zake, maana haisafiri kila siku. Kisha mume wangu akampigia mama yake kumweleza.

Mama mkwe anaishi Kemondo, kando ya ziwa karibu na Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia hapohapo Kemondo. Mdogo wake alikuwa ndani. Hakupatikana. Tangu siku ile mama hajakanyaga chombo cha majini, na kutoka nyumbani kwake ziwa linaonekana lote. Simu ilikuwa kwenye spika. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Wajukuu wangu hawatapita majini. Ninyi mkitaka piteni, watoto niachieni." Mume wangu akajibu, "Sawa, Mama." Na mimi nikasema, "Sawa, Mama." Hatukuuzungumza tena.

Kwa hiyo tungekwenda kwa basi. Na bahati ikatuangukia, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi, lililochukua nafasi ya pantoni kwenye njia yetu, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, siku tano kabla ya safari yetu.

Sasa karatasi. Hapa naomba unisome taratibu kama una watoto wadogo, maana sisi karatasi ndizo zilizotaka kuiua safari.

Mume wangu alikuwa na pasipoti tayari. Mimi na watoto hatukuwa nazo, na kila mtoto anahitaji hati yake mwenyewe. Ombi linajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, na sisi tulilipa shilingi 150,000 kwa kila kitabu, cha Babu sawa na changu. Ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu zaidi, na wengi wanaokwenda nchi jirani huitumia. Sisi tuliona bora tulipe mara moja tuwe na pasipoti za kutumia tena.

Tatizo lilikuwa herufi moja. Jina langu lina "h" kwenye kitambulisho cha NIDA. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha Dada halina. Fomu ile niliijaza siku ya pili baada ya kujifungua, nimechoka, nikasaini bila kurudia kusoma. Miaka yote ile cheti kimekaa kwenye bahasha, kimempeleka chekechea, kimempeleka darasa la kwanza, hakuna aliyeona. Aliyeona ni ofisa wa pasipoti, na alifanya kazi yake sawasawa: kama jina la mama halifanani, huyu mama ni nani? Nikaenda kwa wakili kula kiapo, nikaanza kufuatilia marekebisho ya cheti, nikarudi, nikaambiwa kimepungua kiambatisho, nikarudi tena. Wiki saba. Kila ninapotoka mlango wa ofisi nilikuwa nahesabu sare ambazo sikuzishona asubuhi ile. Ukimaliza kusoma hapa, nenda katoe vyeti vya watoto wako kwenye bahasha, uvilinganishe na vitambulisho vyenu herufi kwa herufi. Fanya leo, hata kama huna safari.

Kama mzazi mmoja ndiye anayesafiri na watoto, beba barua ya ridhaa ya mwenzake pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Usisubiri kuombwa.

Halafu homa ya manjano. Uganda inataka cheti cha chanjo kwa kila anayeingia, kuanzia mtoto wa mwaka 1, na Tanzania nayo huitaka kwa anayerudi kutoka nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo ni moja tu, inatolewa kuanzia miezi 9, na cheti siku hizi kinatumika maisha yote. Lakini hakihesabiki hadi zipite siku 10 tangu sindano. Watu wanaokwenda kuchanja siku ya kuamkia safari wanajitafutia matatizo mpakani. Babu alilia kidogo, Dada alitoa mkono huku amefumba macho, akaniuliza kama Uganda wanaona alama ya sindano au kitabu. Kitabu, mwanangu.

Hela tulizipata hivi. Bajeti ya safari, bila pasipoti, tuliiweka 1,800,000. Kuanzia Agosti hadi Mei ni miezi kumi, kwa hiyo 180,000 kila mwezi, yeye nusu na mimi nusu, na tukaiweka kwenye kikoba changu ili isiwe rahisi kuigusa. Desemba na Januari ndiyo miezi yangu ya sare, nikaweka zaidi. Machi pump ya maji iliharibika, tukaweka pungufu. Na tukasafiri Juni, shule zikiwa zimefungwa na cherehani yangu haina kazi nyingi. Nasema haya kwa sababu naona watu wanapanga likizo Desemba, wakati kila kitu kimepanda na ada zinawasubiri mlangoni. Likizo ya katikati ya mwaka kwetu ni kiangazi, barabara kavu, mbu wachache kidogo, na wenye nyumba za wageni wanakusikiliza ukiomba kupunguziwa.

Kuhusu mizigo nitasema kitu kimoja tu: ndoo. Babu hutapika garini. Mifuko ya plastiki tulishaiaga tangu Juni 2019, na karatasi haisaidii kitu. Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 4, yenye mfuniko unaobana, nikaisugua hadi harufu ikaisha. Ilifanya kazi ya kutapikia. Ilifanya kazi ya choo cha dharura pale basi linapokataa kusimama. Jioni ikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, ikawa ya kufulia nguo zake. Wanawake wawili kwenye basi la Masaka waliniuliza nimelipata wapi wazo lile. Limetoka kwa Babu mwenyewe, kwa mateso ya safari ya Shinyanga mwaka mmoja kabla.

Na kiti. Tulilipia viti vinne. Watu walituambia Babu apakatwe, nauli ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 3 ni kutupa hela. Mwanza hadi Kemondo ilikuwa siku ndefu kuliko zote za safari yetu. Kufikia Muleba alikuwa amelala amejinyoosha, kichwa kwenye paja langu na miguu kwenye kiti chake. Kwa bei ile ile nitalipa tena.

Tuliondoka alfajiri ya tarehe 24. Kabla ya Busisi mume wangu alimwamsha Dada. Daraja lina kilomita 3 hivi, na zamani pale palikuwa pa kungoja pantoni, magari yamepanga foleni, wauza mahindi na mayai wakipita madirishani. Nilikuwa napaogopa pale nikiwa mdogo kwa sababu ya kusubiri. Dada akabandika paji la uso kwenye kioo, akaanza kuhesabu nguzo za taa kwa sauti. Alifika hamsini na kitu, basi likawa limeshatua upande wa pili, akageuka kunitazama kama mtu aliyenyang'anywa. "Imeisha?" Kondakta akasema, "Imeisha, dada yangu. Sisi tulikuwa tunalala hapa."

Kemondo tulilala usiku mmoja. Mama mkwe alitupikia ndizi na samaki, akawafunga watoto kitambaa kipya kila mmoja mkononi, akasema ni cha kumjua mtoto wake akipotea. Hakuuliza mengi kuhusu Uganda. Asubuhi alitusindikiza hadi barabarani.

Kutoka Bukoba hadi mpakani unapita Kyaka, juu ya Mto Kagera. Wanajeshi wa Amin walilivunja daraja la pale mwaka 1978, na mume wangu anayo hadithi yake, ya baba yake, ambayo alianza kumsimulia Dada. Dada alikuwa anaangalia maji. Yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. "Haya yanaenda ziwani kwetu?" Yanaenda. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, nikamwambia, ingawa maji mengi zaidi huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. "Na yakishaingia ziwani, yanatokea wapi?" Hilo, nikasema, tunakwenda kulitazama. Sikuwa nimelipanga. Nilikuwa nimepanga Jinja kwa sababu niliambiwa vyumba ni nafuu. Pale Kyaka ndipo safari yetu ilipata kazi ya kufanya.

Mutukula ofisi za nchi mbili ziko pamoja: unagonga mihuri ya kutoka na ya kuingia kwenye jengo moja, upande wa unakokwenda. Foleni ilikuwa ndogo. Ofisa wa kike, Mganda, alizungumza Kiswahili kizuri. Alishika pasipoti nne, akamuuliza Dada yuko na nani. Dada akajibu kwa heshima: "Niko na Mama, na Baba, na Babu." Yule ofisa akahesabu pasipoti, akatazama nyuma yetu, akauliza mzee yuko wapi. Dada akamwonyesha Babu, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake. Ofisa alicheka hadi mwenzake wa dirisha la pili akaja kuona. Akagonga mihuri yote minne, akamwambia Babu, "Karibu Uganda, jjajja," maana ndivyo wanavyowaita babu na bibi.

Pale mpakani badilisha hela kidogo tu, za kufikia mji wa mbele. Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, kwa hiyo noti zinakuwa nyingi mkononi na ni rahisi kuchanganyikiwa. Andika kiwango kwenye karatasi kabla hujafika. Na jua mapema kwamba teksi ya Uganda ni daladala yetu. Ukitaka gari lako peke yako, sema hivyo. Tulijiwekea sharti kwamba watoto hawapandi bodaboda, hata iwe mita mia tatu, na hatukulivunja.

Kiswahili kule kinasikika kidogo kuliko nilivyodhani, lakini mume wangu ni Mhaya, na Kihaya na Kiganda ni ndugu wa tumbo moja. Yeye anasema chake, wao wanasema chao, bei inashuka. Mimi Msukuma nilibaki na "webale nnyo", asante sana, na niliitumia bila kuchoka.

Tulilala Masaka. Kesho yake tukakodi gari hadi Entebbe kwa bei tuliyokubaliana usiku, ikiwa ni pamoja na kusimama Lukaya kula ndizi za gonja za kuchoma na kusimama Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapokata barabara. Vijana wa pale wana mabeseni na maji, wanakuonyesha yakizunguka hivi upande huu na hivi upande ule. Ni mchezo wa mikono, kwenye beseni dogo Ikweta haina nguvu hiyo, lakini Dada alikuwa na furaha yake na sikumwingilia. Alisimama mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini, akamwambia baba yake, "Mguu huu uko Mwanza."

Entebbe ndiyo niliyoipenda. Siku ya kwanza ilituharibikia. Nyumba tuliyoiona mtandaoni ilikuwa safi kweli, lakini ukuta wake wa nyuma ni wa baa, na muziki ulipiga hadi saa tisa usiku. Watoto walilia, mimi nilikaa kitandani nimemkumbatia Babu nikiwa na hasira na mwenye nyumba ambaye alijua na hakusema. Hela ya usiku ule haikurudi. Asubuhi tulihama, tukapata nyumba ndogo yenye jiko, kwa mama mmoja mjane, na bei ilikuwa chini zaidi. Siku hizi kabla ya kulipia popote nampigia mwenye nyumba saa nne usiku, namwuliza maswali marefu, huku nasikiliza nyuma yake kuna nini.

Jiko lilituokoa. Asubuhi uji wa unga niliotoka nao Mwanza, mchana chochote, jioni wali au posho. Posho ni ugali wetu uleule, na Babu alipoligundua hilo hakutaka kitu kingine. Tulishuka Kigungu kununua samaki. Sato wao wanamwita ngege, sangara ni mputa, na dagaa ni mukene. Dada aliandika yote kwenye daftari. Pale Kigungu ndipo walipotua wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki mwaka 1879, wakitokea kwetu, pwani ya kusini, kwa mtumbwi. Nilisimama pale na mfuko wa samaki nikafikiri, kumbe watu wamekuwa wakiijibu ile "hukohuko bila kusimama" muda mrefu sana.

Kila siku tulifanya jambo moja tu, asubuhi, kisha usingizi wa mchana. Siku moja kituo cha wanyamapori, ambacho kilianza mwaka 1952 kama mahali pa kulea wanyama walioachwa yatima. Onyesha pasipoti mlangoni, kwa sababu kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki na tofauti ni kubwa. Dada aliganda mbele ya sokwe. Babu alichagua ndege mmoja mkubwa wa kijivu, mdomo wake kama kiatu, akasimama naye uso kwa uso. Yule ndege haendi, hatikisiki. Babu naye hakutikisika. Walitazamana muda ambao sijawahi kumwona mwanangu akitulia akiwa macho. Siku iliyofuata tukaenda bustani ya mimea, iliyoanzishwa 1898, miti mirefu, mbega wakirukaruka juu, nyasi hadi ziwani. Tulitandika kitenge. Hakuna tulichokifanya. Watoto walikimbia saa tatu nzima, na ukiwauliza leo walichopenda, wote wawili wanataja nyasi zile.

Ziwani hawakuingia. Kichocho kipo kule kama kilivyo kwetu, na maji ya ukingoni yanapendeza macho tu. Chandarua tulibeba chetu, na dawa za homa na za kuharisha, kwa sababu bima yetu ya afya haivuki mpaka.

Jinja tulifika tarehe 30 jioni. Asubuhi tukashuka mtoni.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kwa mara ya kwanza kutoka upande wetu wa Mwanza, mwaka 1858. Alifika Jinja mwaka 1862, akakuta maporomoko pale maji yanapotoka. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ziwa tayari: Nyanza, Nalubaale, Nam Lolwe. Maporomoko yale hayapo tena, yalifunikwa maji yalipopanda baada ya kujengwa bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954. Kinachoonekana ni mto mpana unaotembea. Unaweza usione kitu kama hujui unachokitazama. Boti zinakupeleka hadi katikati, pale penye kibao cha chanzo cha Nile, na kijana mmoja alitufuata muda mrefu akiwa na maboya ya watoto mkononi, bei ikishuka kila hatua. Dada alinitazama. Nilitazama pembeni. Mume wangu akamwambia yule kijana, "Webale, ssebo. Tuna ahadi."

Tukasimama ukingoni. Dada akachuma jani, akalitupa. Jani likakaa kidogo, likazunguka, kisha likashikwa na mkondo, likaondoka kwa kasi ambayo haikumfurahisha. Ziwani kwetu ukitupa jani linarudi. Akachuma jingine. Watu wa Jinja wanasema maji yakitoka pale hufika bahari ya Misri baada ya miezi mitatu. Alitupa majani hadi mti wa karibu ukabaki na matawi ya juu tu, na Babu akamsaidia kwa mawe.

Tulirudi kwa njia ileile, Masaka, Mutukula, Kyaka. Tulitumia 1,910,000. Zile 110,000 za ziada ni nyumba ya muziki na gari tulilokodi Kampala kuikwepa mvua, kwa sababu Babu alikuwa ameanza kukohoa.

Kemondo tulikaa siku mbili. Jioni ya kwanza mama mkwe alimkalisha Dada kwenye mkeka barazani, mbele yao migomba, na chini ya migomba ziwa.

"Mlipita majini?"

"Hapana, Bibi. Tulisimama pembeni. Lakini tuliona yanapotokea."

"Yanapotokea wapi?"

"Yakitoka ziwani. Yanaenda Misri. Hata haya ya hapa yanaenda."

Mama mkwe alikaa kimya. Kisha akauliza huchukua muda gani kufika. Dada akamwambia, kutoka pale Jinja, miezi mitatu. Aliyatazama maji, vidole vyake vikihesabu kitu juu ya goti, taratibu, kidole baada ya kidole, akarudia tena. Hakutuambia alichokuwa anahesabu. Akaniambia nimvalishe Babu sweta, na chai inapoa.